Kumfuga kinyonga: kizimba kwanza, mnyama baadaye

Weka bakuli la maji safi ndani ya kizimba cha kinyonga, naye anaweza kufa kwa kiu hatua mbili kutoka hapo. Kwao kinyonga hunywa umande na matone ya mvua yanayong'aa kwenye majani. Maji yaliyotulia bakulini hayamwambii kitu. Nimeanza na bakuli kwa sababu karibu kila taabu ya kumfuga mnyama huyu inafanana na hiyo: kitu kipo, kimewekwa kwa nia njema, lakini hakikuwekwa kwa namna anayoitambua yeye.

Ipo taabu nyingine, kubwa kuliko hiyo. Kinyonga ni hodari wa kuficha maradhi. Porini anayeonekana mnyonge ndiye anayenyakuliwa na ndege au nyoka, kwa hiyo atasimama imara tawini na kula kama kawaida hata wakati figo zake zimeanza kuchoka. Siku unayogundua kuwa anaumwa, huenda ameumwa wiki kadhaa. Ndiyo maana katika mwongozo huu mnyama mwenyewe anaingia hatua ya saba. Sita za mwanzo ni za kumwandalia makao.

Hatua ya 1: Amua kama utaridhika kutazama tu

Paka huja mwenyewe kulala mapajani. Kinyonga haji. Akikuvumilia, umefanikiwa. Akishakuzoea atakula mdudu kutoka vidoleni mwako, na pengine atatoka mlangoni na kukukwea mkono hadi begani, maana yeye hupenda kupanda na bega liko juu. Hapo watu husema, "Ananipenda!" Mimi wangu naamini ananiona kama mti unaotembea, na nimeshalikubali hilo.

Kama nyumbani kuna watoto watakaotaka kumbeba kila jioni, tafuta mnyama mwingine. Kama una desturi ya kusafiri bila kupanga, au huna mtu wa kukushikia zamu, hali kadhalika. Kinyonga anahitaji kuhudumiwa asubuhi na jioni, siku zote, na wadudu wake nao wanataka kulishwa. Dume wa Yemen akitunzwa vyema hufika miaka 5 hadi 8. Jike kwa kawaida huishi muda mfupi zaidi, kwa sababu ya mayai, kama tutakavyoona.

Hatua ya 2: Chagua aina, na uliza alikozaliwa

Spishi za vinyonga zinapita 200, na karibu nusu yake ziko Madagaska. Wanaofugwa sana ni wachache. Wa kwanza ni kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, mwenye kilemba kirefu kichwani. Asili yake ni Yemen na kusini magharibi mwa Saudia. Ni mgumu kuliko wenzake na husamehe makosa madogo, ila ana hasira. Wa pili ni Furcifer pardalis wa Madagaska, maarufu kwa rangi zake: bluu, nyekundu au kijani, kutegemea sehemu ya kisiwa walikotoka wazazi wake. Wa tatu ni Trioceros jacksonii, yule mwenye pembe tatu, wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru huko Tanzania. Huyu ni mpole, lakini amezaliwa kwa ajili ya baridi ya milimani. Mahali ambapo usiku hapapoi, mwache.

Kwa anayeanza, jibu langu ni dume wa Yemen. Dume, kwa sababu hatagi. Wala si vigumu kumtambua: tangu anapoanguliwa huwa na kinundu kidogo kama kikucha kwenye kisigino cha kila mguu wa nyuma, ambacho jike hana.

Kisha uliza swali ambalo wauzaji wengi hawalipendi: amezaliwa kizimbani au amekamatwa porini? Wa porini huja na minyoo, upungufu wa maji na hofu, na wengi hufa ndani ya miezi ya mwanzo wakiwa mikononi mwa watu wasiojua walikosea wapi. Isitoshe, aina nyingi zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, maana yake biashara ya kuwavusha mipaka inahitaji vibali, na nchi nyingi zina sheria zao juu ya kumkamata au kummiliki mnyama wa porini. Uliza mamlaka ya wanyamapori kabla hujatoa pesa. Ukimkuta kichakani nyuma ya nyumba, mtazame, kisha mwache aende zake.

Usichukue kichanga. Aliyetimiza miezi mitatu ana akiba mwilini. Wa wiki tatu anaweza kukauka kwa siku moja uliyosahau kunyunyizia.

Hatua ya 3: Jenga kizimba kirefu chenye hewa

Kinyonga huishi kwa kwenda juu na chini. Akitaka joto hupanda, akitaka kivuli na unyevu hushuka, na akitaka kujificha hurudi katikati kwenye majani. Kwa dume mkubwa, lenga upana wa sentimita 60, kina cha 60 na urefu wa 120. Jike anaweza kupungukiwa kidogo. Kizimba kifupi kilicho kipana humnyima chaguo hizo, hata kiwe na nafasi kiasi gani.

Kuta ziwe za wavu laini, angalau pande mbili na paa. Hewa iliyotuama, yenye joto na unyevu, ndiyo chanzo kikubwa cha maradhi ya mapafu. Wavu wa chuma wenye makali huwang'oa kucha, basi pata ule uliopakwa plastiki au wenye matundu madogo. Kama chumba chako ni kikavu mno, funika pande mbili au tatu kwa plastiki na uache mbele na juu wazi.

Wangu wa kwanza nilimweka katika tangi la kioo lililokuwa la samaki. Lilipendeza. Siku tatu nzima alikuwa mweusi kama makaa, amejitandaza ubavu kuukabili ukuta, na mimi nikidhani ana baridi. Nikamwongezea joto! Kumbe alikuwa akijiona kiooni na kujiandaa kupigana na kinyonga asiyeondoka.

Ndani, panda. Mimea hai ni bora kuliko ya plastiki: hushika matone, hutoa unyevu, na kinyonga wa Yemen huila. Kwa hiyo iwe mimea isiyomdhuru; hibiskasi, pothosi na sheflera zimetumiwa na wafugaji kwa miaka mingi. Osha majani yake kwanza, na badilisha udongo kama ulikuwa na mbolea ya chengachenga au dawa. Juu ya udongo wa kila chungu panga mawe makubwa asiyoweza kuyameza, maana baadhi ya vinyonga hudonoa udongo.

Matawi yapitishe kwa ulalo, kwa msimamo na kwa mshazari, ya unene tofauti. Tazama mguu wake uone sababu: vidole vitano vimegawanyika mafungu mawili kama koleo, na koleo linataka kitu cha kukumbata. Tawi nene mno humtelezesha, jembamba mno humchosha.

Sakafu iache tupu, au uweke trei ya kukingia maji. Usimwage mchanga wala maranda. Ulimi wake hauchagui; ukimlenga mdudu aliye sakafuni, hurudi na alichokigusa.

Kizimba chenyewe kiinue. Kinyonga anayetazamwa kutoka juu hujiona anawindwa, na hakuna chakula wala dawa inayotuliza hofu hiyo. Tawi lake la kulalia likiwa juu ya usawa wa macho yako, nusu ya kazi ya kumtuliza imekwisha.

Hatua ya 4: Funga taa mbili, kila moja na kazi yake

Hapa ndipo watu wengi hufanya ubahili, na hapa ndipo mifupa huvunjikia.

Taa ya kwanza ni ya joto. Balbu ya kawaida yenye kutoa joto yatosha, imulike tawi moja tu la juu. Pale anapoota, dume wa Yemen anataka nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi, jike 27 au 28, wa Madagaska 28 hadi 30, wa pembe tatu 26 hadi 28. Sehemu nyingine ya kizimba ibaki kati ya 22 na 26. Pima pale mgongo wake unapofika akiwa amesimama tawini, siyo ukutani. Balbu ikae nje ya wavu, na tawi liwe mbali nayo sentimita 20 au zaidi. Kinyonga huungua bila kuondoka. Huganda mahali pa joto hadi kilemba au mgongo ukababuka, na kovu halifutiki.

Taa ya pili ni ya miale ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua inayomwezesha kutengeneza vitamini D3 ngozini mwake. Bila D3 kalsiamu haifyonzwi, hata umlishe mlima wa chokaa. Mwili huanza kuikopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Miguu hupinda, taya hulainika, ulimi hushindwa kurushwa. Chukua taa ya mrija mrefu na mwembamba, aina ya T5, yenye nguvu ya asilimia 6, au 5.0 kama kampuni nyingine zinavyoandika, ulale juu ya wavu, na tawi la kuotea liwe sentimita 20 hadi 25 chini yake. Balbu ndogo za kujiviringisha humulika eneo dogo tu, na kizimba kirefu kinazishinda.

Mambo mawili kuhusu miale hii hayaonekani kwa macho, na yameua wanyama wengi. Kioo cha dirisha huizuia. Kumweka kinyonga dirishani kunampa joto na mwanga, lakini UVB karibu yote hubaki nje. Na mrija huchakaa kabla haujazimika: baada ya mwaka hivi unawaka kama mpya huku miale imekwisha. Andika tarehe uliyoufunga kwenye mkanda wa karatasi, uubandike ubavuni mwa taa.

Ziache zote zikiwaka kwa saa 12, ukitumia swichi ya saa ili usitegemee kumbukumbu. Usiku ni giza totoro, bila balbu nyekundu wala bluu. Kushuka kwa joto usiku ni dawa: nyuzi 16 hadi 20 zinamfaa wa Yemen na wa Madagaska, na wa pembe tatu hupenda chini zaidi.

Hatua ya 5: Mnyeshee mvua

Tumia bomba la kunyunyizia la shinikizo, lenye kutoa ukungu mwembamba. Nyunyizia majani, na si uso wake, kwa dakika mbili au zaidi kabla ya taa kuwaka asubuhi, na tena baada ya kuzimika. Sekunde kumi hazitoshi: wengi hukaa kwanza wakitafakari, na huanza kulamba wakati wewe umeshachoka na kuondoka. Mchana, weka juu ya paa chupa yenye tundu la sindano chini, idondoshe tone moja moja kwenye jani analoliona kutoka tawini kwake. Mwendo wa tone ndio unaomwita.

Maji yaliyoanguka yasibaki. Trei imwagwe kila siku, bomba na chupa vioshwe kila wiki, maana bakteria hupenda pembe zenye unyevu.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Aliyesikia kwamba kinyonga anapenda unyevu hunyunyizia kutwa, hadi kizimba kinanuka kuvu. Mchana unyevu wa asilimia 40 hadi 60 unatosha, na majani yapate kukauka kabisa kati ya mvua moja na nyingine. Usiku, kukiwa na ubaridi na hewa inapita, unyevu unaweza kupanda asilimia 80 na zaidi bila madhara; ndivyo ukungu wa alfajiri unavyomnywesha porini akiwa usingizini. Joto na maji kwa pamoja ndivyo vya kuogopa.

Utajuaje kama anakunywa vya kutosha? Soma kinyesi. Kina sehemu mbili: ya kahawia na ile ngumu iliyo mkojo wake. Hiyo ya pili ikiwa nyeupe, au nyeupe yenye njano kidogo mwishoni, mambo ni mazuri. Ikiwa ya rangi ya chungwa, anakauka. Macho yaliyotumbukia ni dalili ya kuchelewa. Na usishtuke ukimwona akinyunyiziwa anatokeza jicho nje na kulizungusha kama anayeota ndoto mbaya, analiosha.

Hatua ya 6: Acha kizimba kitupu wiki mbili

Hakuna anayeipenda hatua hii. Kizimba kimekamilika, taa zinawaka, na wewe unatazama majani. Vumilia. Funga vipimajoto viwili, cha juu na cha chini, na kipimaunyevu kimoja, uandike namba asubuhi, mchana na usiku. Utagundua tawi ulilodhani lina nyuzi 29 lina 36 saa nane mchana, au trei inafurika, au mche mmoja umekufa. Makosa hayo yote hayana mhanga bado.

Katika wiki hizo pia tafuta daktari wa wanyama anayetibu reptilia. Wengi ni hodari kwa mbwa na ng'ombe, na hawajawahi kumshika kinyonga. Kumtafuta usiku wa dharura ni kutafuta sindano mchangani.

Anzisha na boksi la wadudu. Nalo lina kelele na harufu zake, bora uzizoee mapema.

Hatua ya 7: Mlete, kisha muache

Msafirishe katika boksi dogo lenye matundu na kijiti cha kushika, gizani, mbali na jua. Ukifika weka boksi wazi ndani ya kizimba na umruhusu atoke mwenyewe. Kisha ondoka.

Wiki mbili za mwanzo kazi yako ni maji, chakula na kutoa kinyesi, basi. Asipokula siku mbili tatu, usipige kelele, hakikisha anakunywa. Funika upande mmoja wa kizimba kwa kitambaa kama chumba kina pilikapilika. Chukua kinyesi kibichi ukipeleke kupimwa minyoo na vimelea, hata kama muuzaji alikuapia.

Kipindi hiki ndicho cha kujifunza rangi zake. Mtu asiye na msimamo huitwa kinyonga, eti kwa kuwa mnyama huyu hufuata rangi ya chochote alichokanyaga. Sivyo. Hawezi kuiga kitambaa chako chenye maua. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kinyonga wa Madagaska hubadili rangi kwa kusogeza umbali kati ya fuwele ndogo mno zilizomo ndani ya seli za ngozi: akitulia zinakaribiana, akisisimka zinaachana, na mwanga unaorudishwa hugeuka. Kwa maneno mengine, rangi ni hali yake ya mwili na moyo. Weusi asubuhi ni kuota joto; weusi mchana kutwa ni baridi, hofu au ugonjwa. Mistari na madoa yanayowaka ni ugomvi au uchumba. Weupe wa kufifia usiku ni usingizi mzuri.

Ukimaliza wiki hizo, mzoeshe kwa mdudu mkononi, dakika chache, mlango wazi. Usimkamate kutoka juu wala usimvute tawini. Weka mkono mbele yake chini ya kifua na umwache akanyage. Mkia wake haukatiki na kuota upya kama wa mjusi wa ukutani, kwa hiyo usiushike. Osha mikono kwa sabuni kila ukimgusa au kugusa kizimba, kwa kuwa reptilia hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima.

Na asiwekewe mwenzake. Wawili ndani ya kizimba kimoja hata wasipopigana, mmoja humtawala mwenziwe kwa kumtazama tu, akamzuilia jua na maji. Utaona mmoja ananenepa.

Hatua ya 8: Lisha wadudu kabla ya kumlisha yeye

Mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Masaa 24 kabla ya mlo, walishe nyenje au mende wako mboga za majani, karoti, boga na matunda, ili kinyonga ale mdudu pamoja na kilichomo tumboni mwake. Nyenje na mende wa kufugwa ndio msingi. Nzige, viwavi vya hariri na mabuu ya wale nzi weusi wanaofugiwa kuku ni mabadiliko mazuri. Mabuu yenye mafuta mengi yawe kitafunio cha nadra. Kinyonga huchoka na chakula cha aina moja, na anaweza kugoma wiki nzima kwa sababu ya nyenje tu.

Ukubwa: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Mtoto ale kila siku kadiri anavyoweza kumaliza kwa robo saa. Mkubwa, wadudu watatu hadi watano, siku moja ndiyo na moja hapana. Atakukodolea jicho moja kama yatima, la pili likitafuta mende. Usimhurumie, vinyonga wa kufugwa hufa kwa unene kuliko kwa njaa.

Kila mlo, tikisa wadudu kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu isiyo na fosforasi wala D3, waonekane kama wamepitiwa na vumbi. Mara mbili kwa mwezi tumia unga wa vitamini wenye D3 na vitamini A. Usizidishe ukidhani unafanya wema: vitamini zikipita kiasi hujikusanya mwilini, na shingo huweza kuvimba kama imejaa maji. Wa pembe tatu, kama jamaa zake wa milimani, anataka kiasi kidogo zaidi.

Wadudu wasioliwa watoe kabla ya giza. Nyenje wenye njaa humtafuna kinyonga aliyelala, na yeye usiku hajiwezi. Usimpe kimulimuli hata mmoja. Baadhi yao wana sumu kali inayoua mijusi kwa muda mfupi. Wadudu wa bustanini huweza kubeba dawa za kuulia wadudu, hivyo wachukue pale tu unapojua hapakunyunyiziwa.

Hatua ya 9: Kama ni jike, andaa shimo

Jike wa Yemen hutaga hata asipomwona dume maisha yake yote, na anaweza kuanza akiwa na miezi mitano au sita. Mayai ishirini, arobaini, wakati mwingine zaidi ya sitini kwa mkupuo mmoja. Kila mkupuo humkamua kalsiamu na nguvu, na asipopata mahali pa kuchimba huyazuia tumboni hadi yanamuua. Hii ndiyo sababu majike wengi hawazeeki.

Tangu miezi minne, weka kizimbani ndoo au boksi lenye upana wa sentimita 30 na mchanga wenye unyevu wa kina cha sentimita 20 hadi 30. Toboa kwa kidole: shimo lisimame bila kuporomoka na bila kutoa maji. Likae humo siku zote, kwa kuwa hutajua saa.

Akianza kuzunguka sakafuni na kukwaruza, funika kizimba kwa shuka na usichungulie waziwazi. Akikuona anaweza kuacha handaki na kukataa kurudi. Kuchimba kwaweza kuchukua siku nzima na zaidi, na hata kulala ndani ya shimo si ajabu. Akitoka amekonda, ana udongo kichwani na ameshafukia, mpe maji mengi na chakula kilichojaa kalsiamu kwa siku kadhaa. Akichimba siku mbili bila kutaga, au akaketi chini macho yamefumba, huo ni wakati wa daktari, usiku au mchana.

Kupunguza idadi ya mayai kunawezekana: joto la kuotea lisizidi 28, na milo iwe michache akishakua. Njia hii imewaongezea majike wengi miaka. Wa pembe tatu hatagi. Huzaa watoto hai.

Hatua ya 10: Zisome dalili, na ujue pa kukimbilia

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni, kijiti kikiwa juu yake, uandike. Mizani huona kabla ya jicho.

Macho kufumba mchana ni dharura, hata dakika chache. Kinyonga mzima halali mchana. Kulala sakafuni, kushindwa kushika tawi, ulimi kurushwa na kuangukia njiani au kubaki nje, kiungo kuvimba, taya kwenda upande: zote hizo ni za daktari, na si za kuuliza marafiki. Mdomo wazi chini ya taa ni joto limezidi. Mdomo wazi mbali na taa, kichwa kikiinuliwa na mate yakinata, ni mapafu.

Ngozi inayobambuka vipande vipande, hiyo iache. Hujivua yenyewe, wala usiisaidie kwa vidole.

Siku ya kwenda hospitali, mfunge kwenye boksi lake la giza pamoja na taulo lenye unyevu, asipulizwe na upepo wa njiani. Chukua kinyesi cha karibuni katika kichupa, daftari la uzito, picha ya kizimba kizima na picha ya ile karatasi yenye tarehe ya taa. Daktari mzuri ataanza kwa kukuuliza juu ya taa, kabla hajamgusa mnyama.